Leso Katikati ya Kitanda

Wewe unayenisikiliza, kwanza nakuomba ukunje ngumi. Ikaze vizuri mpaka vidole vifichane ndani ya kiganja. Mfuko wa uzazi hufanya hivyo mtoto akishatoka. Mishipa iliyokuwa ikilisha kondo la nyuma inabaki wazi, midomo mingi midogo, na kinachoifunga si uzi wala pamba. Ni msuli wenyewe unaojikunja na kuibana. Wanawake wengi hawajui kwamba mwili wao umewafanyia kazi hiyo. Wanaona damu kidogo, wanakunywa uji, wanalala.

Sasa legeza kidole kile kidogo cha mwisho. Chini kabisa, karibu na mlango wa mfuko, msuli ni mwembamba, haukunjiki kwa nguvu kama wa juu. Kondo likijishikiza huko chini, damu yake haizuiliki kwa urahisi. Na mama akiwa na kovu la upasuaji wa zamani mahali hapo, kondo linaweza kuota mizizi ndani ya kovu, likakataa kuachia. Hapo mwili hauwezi peke yake. Hapo panahitaji mikono ya watu.

Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Kitale kwa miaka mingi. Sisi tunakiita thieta. Maelezo haya ya ngumi nimeyatoa kwa akina mama wengi, na kwa waume wao pia, wengine wakikunja ngumi mbili kwa woga. Lakini siku ninayotaka kukusimulia, aliyekuwa kitandani ni mdogo wangu, tuliyelala naye godoro moja tukiwa wasichana, kwa mama yetu Sirisia.

Mdogo wangu ameolewa upande wa Kiminini. Mume wake analima mahindi na kutengeneza pampu za maji. Walikuwa na wasichana wawili, na wote wawili walitoka kwa upasuaji. Mimba ya tatu ilipokuwa kubwa, alikwenda Sirisia kumsaidia mama kuanika maharagwe, na asubuhi moja akaona damu kwenye nguo. Haikuwa na maumivu yoyote. Mama alitaka kumpa chai ya tangawizi apumzike. Mdogo wangu akanipigia simu, nami nikamwambia aende Bungoma mjini mara moja akapigwe picha ya tumbo. Picha ikaonyesha kondo limekaa chini kabisa, limeziba mlango, na jinsi lilivyokaa juu ya yale makovu haikumpendeza yule aliyempiga picha. Wakamwandikia aje Kitale, kwa daktari mwanamke tuliyefanya naye kazi, ambaye amewahi kushughulikia makondo ya namna hiyo.

Akakaa kwangu wiki za mwisho, karibu na hospitali, maana damu ya namna hiyo ikianza tena haisubiri mtu asafiri. Kisha akalazwa.

Daktari alimweleza vizuri sana. Alivuta kiti, akaketi, akasema: "Nitamtoa mtoto kwanza, nikipasua juu, mbali na kondo. Halafu nitaangalia. Likiachia lenyewe, vizuri. Likishikilia, sitalivuta, kwa sababu kulivuta ndiko kunaua watu. Nina njia kadhaa za kusimamisha damu, na nitazijaribu. Lakini zote zikishindwa, nitatoa mfuko wa uzazi ili wewe ubaki. Nataka uniambie sasa, ukiwa umetulia, kama unanikubalia."

Mdogo wangu alisema atafikiria.

Na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa namna ambayo labda ni watu wa kwetu tu wangeweza kukwama. Alimpigia mume wake, mume akasema, "Fanya vile mama yako atasema. Mimi siwezi kusema kabla yake." Akampigia mama. Mama akasema, "Mimi ni nani? Wewe ni wa kwao sasa. Fanya vile mume wako atasema." Akampigia tena mume. Lile swali likawa linatoka Kitale kwenda Kiminini, kutoka Kiminini kwenda Sirisia, na kila liliporudi lilirudi bila jibu. Na wale wawili hawangeweza kuulizana. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Si chuki. Ni heshima, na mama yangu anaishika sana. Tangu harusi hakuwahi kumwambia kijana yule zaidi ya salamu iliyopelekwa na mtu wa tatu.

Nilimwambia mdogo wangu: "Huu ni mwili wako. Daktari anataka neno lako, si la mtu mwingine."

"Najua, dada. Lakini nikitoka hapa naenda kuishi na watu. Wakubali wote wawili, nikisikia kwa masikio yangu, nitasema ndiyo."

"Na wasipokubali?"

Alishika tumbo, akageukia dirisha. Daktari alikuwa amepanga upasuaji kesho yake asubuhi, kukiwa na damu ya kutosha na watu wa kutosha, na nilijua kwamba bila lile ndiyo, saa mbaya ikifika ndani ya thieta, kila mmoja atasita. Katika damu ya namna hii, kusita ndiko kunakomaliza mtu.

Basi nikawaita wote wawili waje siku hiyohiyo. Mama alifika mchana na begi la ndizi. Shemeji alikuwa ameshafika, amesimama nje kwenye ukuta wa mahali pa kufulia nguo kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Nilimwambia mama kwamba tutaongea wote wanne, kando ya kitanda.

"Sasa mimi nitaongea na huyo kijana aje?" mama akasema. "Unataka niaibike mbele ya watu?"

"Mama, hutamwona."

"Nitamsikia."

"Kusikia si kuona."

Alinitazama kama anayepima kama nimesoma sana au kidogo. Kisha akafungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akanipa.

Nikafunga ncha moja kwenye stendi ya dripu na nyingine kwenye ndoano ya ukutani, ikapita juu ya kitanda kwa urefu, tokea kichwani hadi miguuni. Mdogo wangu akawa chini yake katikati, tumbo limeinua pindo la leso kidogo. Mama akaingia upande wa dirisha, akaketi, akageuza uso ukutani kwa uhakika zaidi. Nikamwita shemeji upande wa mlango. Wodi nzima ikageuka kutazama.

"Shem, usichungulie," mama mmoja wa kitanda cha pili akasema. "Tunakuona."

"Sichungulii, bana. Natazama miguu ya mke wangu."

"Hata miguu usitazame sana. Ndiyo ilituleta hapa."

Wakacheka. Mdogo wangu pia akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe, akashika tumbo.

Mimi nikawaeleza nilivyoelezwa na daktari, taratibu, kila njia kwa jina la kawaida, na la mwisho nikalisema wazi: mfuko unaweza kutolewa, na ukitolewa hakutakuwa na mtoto mwingine. Nikasema, "Mdogo wangu anataka kuwasikia."

Niliona kivuli cha shemeji kwenye leso kikishika kofia kwa mikono miwili.

"Mama," akasema hatimaye, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo ana kwa ana, kama naweza kusema ana kwa ana. "Mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nikisema watoe, utasema huyu mtu hamjali binti yangu, anataka akatwe tu kama ng'ombe."

Mama akauambia ukuta: "Mimi nilinyamaza kwa sababu ya nyumba yake. Nikisema watoe, halafu kesho useme mke huyu hazai tena, ana wasichana tu, atarudi kwangu na watoto. Niliogopa kuwa mimi ndiye nimevunja boma."

"Ati arudi? Arudi aende wapi?"

"Nauliza wewe."

"Mama, mimi nilioa mtu. Sikuoa mfuko."

Yule mama wa kitanda cha pili akasema polepole, "Huyo mpeni chai."

Mama yangu akafuta uso kwa kiganja. "Na nani amekufundisha kuongea hivyo na mama mkwe?"

"Hakuna. Ni hii leso inanisaidia."

Mikono miwili ikaingia chini ya leso, mmoja kila upande, ikamshika mdogo wangu, mama mkono wa kulia na mume mkono wa kushoto. Haikugusana. Mdogo wangu akasema, "Basi nimekubali yote." Akaniomba nimwite daktari kabla hajabadili nia, na daktari akaja, akamwuliza tena peke yake, wale wawili wakiwa wametoka, akapata jibu lilelile.

Asubuhi yake nilivaa sare kama kawaida, na kiongozi wetu wa thieta akanizuia mlangoni. "Sista, leo wewe ni dada wa mgonjwa. Kaa nje." Alikuwa sahihi. Mikono ya dada haifai kushika vyombo. Lakini sikujua cha kufanya na mikono yangu.

Nje ya thieta kuna pembe ambapo korido mbili zinakutana. Mama aliketi korido moja, shemeji nyingine, migongo yao ikielekea ukuta uleule, kila mmoja nje ya macho ya mwenzake. Mimi nikasimama kwenye pembe, nikiwaona wote. Kutoka hapo niliweza kueleza mara moja tu, wote wakasikia. Sikumbuki siku nyingine niliyoshukuru sana jengo lililojengwa vibaya.

Tulisikia mtoto akilia. Sauti kubwa, ya hasira.

"Huyo ni mzima," mama akasema.

Baada ya muda muuguzi mwenzangu akatoka mbio kidogo kwenda kwa friji ya damu, akaniambia akipita, "Msichana. Kondo limeachia sehemu, sehemu limeshika." Nikawatafsiria.

"Sasa wanafanya nini?" akauliza shemeji.

"Kwanza dawa. Moja inauambia mfuko ujikunje, nyingine inasaidia damu kuganda. Na daktari ameushika mfuko kwa mikono yake miwili, anaukamua, kama vile unavyobana tambaa lenye maji."

"Na ikikataa?"

"Pale kondo lilipotoka anashona, mishono midogo juu ya kila mdomo unaotoa damu. Halafu kuna mishipa miwili mikubwa inayopanda kando za mfuko, mmoja kila upande. Anaweza kuifunga kwa uzi. Wewe bomba la pampu likipasuka unafanya nini?"

"Nafunga valvu kabla ya kuangalia mahali palipopasuka."

"Ndiyo hiyo. Mfuko haufi, kwa sababu una njia nyingine ndogo za kupata damu. Lakini nguvu ya maji inapungua."

Mama akauliza, bila kugeuka, kama kuna kitu kama kile nilichowahi kumwonyesha, cha mpira. Nilishangaa anakumbuka. Niliwahi kumweleza kwamba mahali pasipo na vifaa vya bei ghali, tunachukua kondomu, tunaifunga kwa uzi kwenye mpira mwembamba wa kutolea mkojo, tunaiingiza ndani ya mfuko na kuijaza maji safi ya chumvi mpaka ivimbe na kukandamiza ukuta kutoka ndani. Wakati ule alikataa kunisikiliza hadi mwisho kwa sababu ya lile neno.

"Kipo, mama. Kinafaa sana hapa chini ambapo msuli ni dhaifu. Na ikiwa mfuko wote umelegea, kuna mshono mwingine, uzi mrefu unapita juu ya mfuko kama kamba za begi la shuleni mabegani, mbele na nyuma, halafu unakazwa. Unaukumbatia."

"Unaukumbatia," mama akarudia.

Kulikuwa na mashine ndani, ile ya kunyonya damu. Ikinyonya kidogo inakoroma na kuacha. Ikinyonya nyingi haiachi. Hilo sikuwaeleza. Iliacha, na nikapumua. Mwenzangu akatoa kichwa akasema mishono imeshika na mpira umewekwa, damu imepungua. Shemeji akasimama, akaketi. Mama akaanza kumenya ndizi asiyoila.

Kisha ile mashine ikaanza tena na haikuacha.

Nilijua kinachofanyika, kwa sababu nimekifanya mwenyewe mara nyingi. Msaidizi amekunja ngumi na kuukandamiza mshipa mkubwa wa tumbo dhidi ya uti wa mgongo, ili daktari apate kuona. Mtu wa dawa ya usingizi anamlaza kabisa, ananing'iniza mfuko wa damu juu ya mwingine. Na daktari anatazama pale kondo lilipozama kwenye kovu, kuelekea kibofu, ambapo mshono unapita kama katika karatasi iliyolowa. Anajua mgonjwa alichokubali. Hatoki nje kuuliza mtu.

"Kimya chako kimekuwa kirefu," shemeji akaniambia.

"Wanatoa mfuko," nikasema.

Kutoka korido ya pili mama akasema kwa sauti ya kawaida, si kwangu, "Baba, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Tuombe basi."

Wakaomba, kila mmoja upande wake wa ukuta, mama kwa lugha ya kwetu na yeye akiitikia. Mimi nilisimama katikati. Niliomba pia, ila nilikuwa nahesabu sauti za mashine.

Daktari alipotoka, mbele ya viatu vyake palikuwa na damu, na uso wake ulikuwa mtulivu. Akasema yuko hai, damu imesimama, kibofu kiko salama, atapelekwa chumba cha uangalizi. Akasema jambo moja ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: ile mishono, uzi wa kando na ule mpira havikuwa kazi bure. Vilimpa nafasi ya kukata bila papara, akiona anachokata. "Na kilichonisaidia zaidi," akasema, "ni kwamba sikuwa na swali."

Mdogo wangu aliamka jioni. Nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba.

"Walitoa?"

"Walitoa."

Akafumba macho. Machozi yakashuka kwenda masikioni, nami sikumwambia asilie. Watu humwambia mama wa namna hii ashukuru yuko hai, na ni kweli, lakini kuna kitu amezika na anaruhusiwa kukililia. Nilifuta masikio yake. Baadaye akauliza ni nani, nikamwambia msichana, akasema, "Wa tatu," na nikaona ile hofu ya zamani ikimpitia.

Mume wake aliingia na mtoto mikononi, amemshika kama anayebeba trei ya mayai. Akamweka kifuani pake. "Huyu ana pua ya mama yako," akasema. "Sasa nitakuwa nachepuka hata ndani ya nyumba yangu?"

Mdogo wangu akasema inamuuma akicheka, kwa hiyo anyamaze. Hakunyamaza.

Wako Kiminini hadi leo. Kuna siku mdogo wangu hunipigia na kusema ameona mjamzito sokoni na moyo ukamwuma, na mimi humsikiliza mpaka amalize. Mama na mkwe wake bado hawatazamani. Mama akienda kuwaona wajukuu, shemeji hutoka na kwenda shambani. Ila siku hizi kabla hajatoka husimama nyuma ya ukuta wa jikoni, akamwuliza mama kama miguu bado inamsumbua, na mama humjibu kwa urefu, kuhusu miguu, kuku na mvua, mahindi yakingoja.

Sasa wewe niliyekuomba ukunje ngumi, nikuachie jambo la kufanya. Kama wewe au binti yako, au mke wako, amewahi kujifungua kwa upasuaji na sasa ana mimba, nendeni kliniki mkaulize swali hili moja kwa maneno haya: kondo la nyuma limekaa wapi, na je, limegusa kovu? Likiwa chini, jifungulieni hospitali yenye daktari wa upasuaji na damu, mkae karibu nayo wiki za mwisho, na tone lolote la damu, hata lisiloumiza, mwende siku hiyohiyo. Na mapema, kabla ya siku ya kujifungua kukaribia, waketisheni wote ambao neno lao lina uzito kwa mama huyo, wamweleze wanachokubali akisikia mwenyewe. Kama hawawezi kutazamana, fungeni leso.